Kati ya Ubeti wa Pili na wa Tatu

Watu wa Langoni wanaujua wimbo huu kwa udi wake,
unavyoanza kama mtu anayepanda ngazi bila kuwasha taa.
Wengine kwa fumbo la waridi, na nani hasa alikuwa waridi,
na ule ugomvi wa wake wenza uliozaliwa humo
ukavunja vikombe sita kwa Bi Mwanamkuu.
Mimi ninaujua kwa tundu.

Kanda ilikuwa ya barua.
Baba alikuwa Jidda akiendesha gari la maji,
na kwa vile kalamu ilimpiga chenga
alikuwa akizungumza: nusu saa upande huu, nusu saa ule,
salamu nyumba kwa nyumba
tangu Mkomani hadi Gardeni, asimsahau hata kinyozi.
Akimaliza, huvunja vile vijino viwili vya mgongoni
ili sauti yake isifutike.

Ilifutika.
Mama alitafuna jojo, akaichana karatasi yake vipande viwili,
akaviziba vile vitundu kwa ncha ya sindano
taratibu, kama anayetoa mwiba.
Akangoja kipindi cha Alhamisi usiku,
akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja.
Nilikuwa na miaka saba. Nilishika eria ya redio
nimesimama juu ya ndoo, nimeambiwa nisipumue.

Kanda zilikuwa adimu: ndiyo kauli yake mpaka leo.
Lakini ni mimi niliyefagia chini ya kitanda.
Zilikuwapo tatu, hazijatolewa kwenye nailoni.
Sikuuliza. Kuna maswali nyumbani kwetu
hukaribishwa, hupewa kahawa,
hayajibiwi.

Labda umeme uliyumba. Labda kidole kiliteleza,
labda kidole kilikataa.
Ubeti wa pili unakwisha, fidla inavuta pumzi,
na hapo wimbo unakatika:
mlio wa feni, mtu akikohoa mbali, halafu baba,
"...na viatu, yuavaa namba ngapi sasa?"
Kisha tiki. Kisha waridi tena, ubeti wa tatu,
kana kwamba hakuna aliyeingia wala aliyetoka.

Ndivyo nilivyojifunza. Skuli niliuimba hivyo hivyo,
nikifika pale nanyamaza, nahesabu sita kichwani,
na Mwalimu Famau akadhani nimesahau maneno,
akanikumbusha kwa sauti. Nilimchukia mwaka mzima.

Baba hakurudi. Lilirudi sanduku.
Kanzu mbili, dawa ya meno iliyotumika nusu,
na viatu vyekundu vya ngozi, namba ishirini na tisa.
Alikisia.
Vilinibana vidole vyote, nikavivaa Idi nzima
mpaka kisigino kikatoa damu
na shangazi akaniambia, vua, mtoto we, vua.

Kanda nayo ililiwa na mashine.
Fundi Kupi aliitoa imejikunja kama utumbo wa kuku,
akaniuliza kama nataka kuitunza. Nikasema hapana.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilijiona mkubwa.

Jana usiku tulialikwa Mkomani,
Shekue wa mwenye halua anaolewa.
Spika zimefungwa hadi darini, noti zinatuzwa,
wasichana wameshika simu juu ya vichwa.
Wakaupiga. Udi, ngazi, giza. Waridi.
Ubeti wa pili ukakwisha, fidla ikavuta pumzi,
nami nikajikaza kama mtu anayengoja kofi.
Wakapita moja kwa moja. Hawakusimama.
Wimbo mzima, haukuwa na tundu, na haukuwa wangu.

Nikageuka.
Mama, aliyekuwa akijipepea tangu magharibi,
ameushusha upepeo wa ukili magotini.
Haukutikisika. Nilihesabu: nne, tano.
Kwa kelele zile sikuweza kumsikia,
nilimsoma midomoni,
wala si mimi aliyekuwa akinitazama:

"Thelathini na moja."

Kisha akaanza tena kujipepea.